Mpira wa kubadilishia maji ya samaki: uunganishe kwenye koki ya nje, sinki la jikoni liache

Seti hii ina kazi mbili: kunyonya maji machafu kutoka kwenye tangi la samaki, na kuingiza maji masafi moja kwa moja kutoka bombani bila kugusa ndoo. Kazi ya pili inaifanya vizuri sana. Ya kwanza, kwa nyumba inayotegemea simtanki, inaifanya kwa shida, na hata penye presha ya kutosha mimi siikubali ifanyike kwenye sinki la jikoni. Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu wafugaji wa samaki wa mapambo hapa Mbeya tunaulizana sana kuhusu matangi, hita na chakula, lakini koki hatuizungumzii, na kwa kifaa hiki koki ndiyo kila kitu.

Nina mgahawa Sae, kando ya barabara kuu. Ukumbi wa wateja una tangi la lita 300: urefu sentimita 120, upana 50, kimo 50. Ndani kuna mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, wa buluu na wa njano. Mume wangu kwao ni Kyela na ndiye aliyewapenda kwanza, lakini anayewatunza ni mimi. Wateja wanakula mbasa, samaki mwingine wa ziwa hilo, huku wakiwatazama mbuna, na watoto wakishakaa mbele ya kioo hawataki kuondoka. Mbuna wanakula sana na kuchafua sana. Maji yakichoka wanaanza kugombana na kuugua, kwa hiyo kila wiki natoa asilimia 30 ya maji na kuweka mapya. Hiyo ni lita 90. Kwa ndoo za lita 20 ni ndoo nne na nusu za kutoa na nne na nusu za kuingiza, kila moja kilo 20, zikipita katikati ya meza juu ya vigae. Binti anayenisaidia ni mjamzito, na sikubali ainue ndoo ya maji hata moja. Mwenye tangi la lita 60 hana haja ya kusoma zaidi ya hapa. Ndoo moja kwa wiki inamtosha. Ninayeandika kwa ajili yake ni yule mwenye tangi la lita 200 na kuendelea.

Aina hii ya kifaa inayojulikana zaidi duniani ni ya Python, kampuni ya Milwaukee huko Marekani. Niliyonunua mimi imetengenezwa China kwa mfano uleule, na boksi lake halina jina la kampuni. Ndani kuna mpira wa mita 15 unaoonyesha ndani, bomba pana la plastiki la kunyonyea uchafu kwenye changarawe, kilango cha kufungua na kufunga maji kinachokaa upande wa tangi, ndoano ya kushikilia mpira kwenye ukingo wa kioo, adapta mbili za mdomo wa miksa (koki ya kuchanganya maji ya moto na baridi), washa za mpira, na kile kinachouza seti nzima, yaani kichwa cha plastiki kinachofungwa kwenye koki. Kichwa hicho kina njia mbili. Ukiacha sehemu ya chini wazi, maji ya koki yanashuka kwa kasi na kuvuta maji ya tangi yaje yamwagike pamoja nayo kwenye sinki. Ukiifunga, maji ya koki yanageuka na kwenda kwenye mpira hadi kwenye tangi.

Sasa koki. Kwangu nina za aina tatu, na kila moja ilijibu tofauti.

Ya jikoni ni miksa ya kisasa, yenye kile kidude cha wavu mdomoni kinachochanganya maji na hewa. Kifungue kwa mkono, na kikigoma tumia koleo lililozungushiwa kitambaa, maana kromu inachubuka upesi. Chini yake utakuta nyuzi, yaani ile mistari ya kukazia kwa kuzungusha. Saizi zilizozoeleka ni mbili: miksa yenye nyuzi kwa ndani ya mdomo ni milimita 24, yenye nyuzi kwa nje ni milimita 22. Adapta mbili za kwenye boksi ni za saizi hizo, na yangu iliingia mara moja bila kuvuja. Kwa hiyo mwenye miksa ya namna hii hana tatizo la kufunga. Matatizo yake ni mengine, nitayafikia.

Ya kunawia, kule nyuma, mdomo wake ni laini, hauna nyuzi ndani wala nje. Hapo hapafungwi kitu. Zipo adapta za mpira zinazobanwa kwa klemu, lakini ukifunga kilango upande wa tangi wakati koki iko wazi, presha yote inarudi kwenye ile klemu na mpira unachomoka. Kwa ukumbi wenye soketi za umeme siwezi kumshauri mtu afanye hivyo.

Ya nje ndiyo koki ambayo karibu kila nyumba ya Mbeya inayo: ya brasi, ya kuzungusha, ile ya kuchotea maji na kumwagilia bustani. Tunaiita koki ya nusu inchi, na ni kweli upande unaoingia ukutani ni nusu inchi. Mdomo wake lakini, ukiondoa ile pua ya kuchomekea mpira, ni robo tatu. Hapa ndipo wengi wanaponunua kifaa kisichoingia, kwa sababu wanafika dukani na kusema "nusu inchi" bila kupima mdomo. Nusu inchi ya bomba ina upana wa nje wa karibu milimita 21, robo tatu karibu milimita 26 na nusu. Rula ya mtoto wa shule inatosha kuzitofautisha.

Nilikwenda sokoni Mwanjelwa na kichwa cha seti mkononi. Dada mwenye duka la vifaa vya bomba alichukua koki mpya ya kaunta na kujaribu kukikaza pale. Kilishika mzunguko mmoja, kikakwama.

"Mama, usilazimishe," aliniambia. "Hii nyuzi zake zimepishana mbali, za kwetu zimebanana. Ukipiga spana utaua plastiki."

Alisema kweli tupu. Mabomba ya Tanzania yanafuata nyuzi za Kiingereza, BSP, ambazo kwa nusu inchi na kwa robo tatu ni nyuzi 14 kila inchi. Mpira wa bustani wa Marekani, ambao ndio uliofuatwa kutengeneza kichwa hiki, una nyuzi 11 na nusu kila inchi, na upana wake unazidi kidogo ule wa robo tatu yetu. Ndiyo maana unashika kidogo na kukupa matumaini, kisha unagoma. Tredi tepu, ule mkanda mwembamba wa kuzungushia nyuzi zisivuje, haitibu hilo hata ukiizungusha roli nzima. Dada yule alinipa adapta ya brasi yenye nyuzi za ndani za robo tatu upande mmoja na mkia wa kuchomekea mpira upande wa pili. Tukakata kiungo cha plastiki mwishoni mwa mpira, tukachomeka mkia, tukabana kwa klemu mbili za chuma. Pale kwenye koki hakuna hata tone linalovuja. Kichwa cha plastiki kikabaki kwenye boksi, na sijakihitaji.

Kabla ya kukiweka pembeni nilikipima kwa haki, na hapa namshukuru mwanangu anayesoma uhandisi pale Iyunga, kwa sababu yeye ndiye aliyenifafanulia kinachotokea. Maji yakipita penye wembamba yanaongeza kasi, na pale yanapokimbia presha yake inashuka. Kichwa hiki kinatumia ule upungufu wa presha kuvuta maji ya tangi. Kanuni hiyo inabeba jina la Giovanni Battista Venturi, Mwitaliano aliyeandika habari zake mwaka 1797. Ili maji yakimbie vya kutosha, presha ya koki lazima iwe kubwa. Simtanki letu limekaa juu ya jukwaa la mita tatu. Maji yenye kimo cha mita 10 yanatoa presha ya takribani ba 1 (bar, kipimo cha presha); kwa hiyo kutoka kwenye simtanki hadi koki ya jikoni, iliyo juu ya sakafu kwa zaidi ya mita moja, napata kati ya ba 0.2 na 0.3 tu. Kwa presha hiyo kichwa kilivuta kidogo, kikaacha, kikavuta tena. Maji masafi yalikuwa yakiporomoka kwenye sinki muda wote huo.

Siku yenye maji ya moja kwa moja kutoka kwenye laini ya mtaani, presha ilikuwa nzuri na kichwa kilivuta kwa nguvu bila kusita. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya maji yaliyokuwa yakiingia sinkini yalikuwa masafi ya bomba. Tulikinga kwenye ndoo, tukalinganisha na kiasi kilichopungua kwenye tangi. Yaani ili kutoa maji machafu lita 90 namwaga maji masafi zaidi ya lita 90. Kwenye nyumba inayolipa bili, na kwenye mji ambao maji yana siku zake, mimi sioni sababu.

Na kuna usafi. Kwenye sinki lile tunaosha sahani, tunaosha mchicha, tunaosha mbasa. Maji ya tangi la samaki yana kinyesi cha samaki na masalia ya chakula, na yanaweza kubeba vijidudu vinavyompata binadamu, wakiwemo salmonela, na pia bakteria wanaosababisha vidonda sugu vya mikononi kwa wafuga samaki, hasa mwenye mchubuko. Kumwaga maji hayo kwenye sinki la chakula, tena kwa mgahawa unaokaguliwa na bwana afya, ni jambo ambalo siwezi kulifanya hata kwa presha ya ba 10. Mwenye nyumba ya kawaida naye ana watoto. Maji ya samaki yatoke nje.

Kuyatoa nje ni rahisi kuliko kichwa kile kinavyotaka uamini. Maji ya tangi langu yako mita 1.2 juu ya sakafu, na bustani iko chini zaidi. Unaunganisha bomba pana la seti kwenye mpira, unaupitisha mlango wa nyuma hadi nje, unajaza mpira maji kutoka koki ya nje hadi hewa yote itoke, unafunga kilango, unachomoa upande wa koki na kuuweka chini kwenye bustani, kisha unafungua kilango. Maji yanashuka yenyewe. Hakuna kunyonya kwa mdomo, jambo ambalo nimeona watu wakilifanya na linanisikitisha kila mara. Kwa mpira wa nusu inchi wenye urefu kama huu wa kwangu napata kama lita saba kwa dakika, kwa hiyo lita 90 zinatoka ndani ya robo saa, na muda huo nautumia kupitisha lile bomba pana kwenye changarawe. Changarawe inapanda, inazunguka, inashuka yenyewe. Uchafu unaondoka na maji. Bomba hili pana ni zuri sana, plastiki yake nene, mdomo wake haujapasuka.

Maji yale yanakwenda kwenye shina la parachichi na migomba miwili nyuma ya jiko. Yana naitreti, ambayo ndiyo mbolea yenyewe, na migomba inaipokea kwa furaha. Siyamwagi juu ya majani yanayoliwa mabichi. Na wiki ambayo nimeweka dawa ya samaki au chumvi kwenye tangi, maji yanakwenda shimoni, si bustanini.

Kujaza ndiko kunakonifanya niisifu seti hii. Unarudisha adapta kwenye koki ya nje, unatundika mpira kwenye ukingo wa tangi, unafungua koki, kisha unarudi ndani na kufungua kilango pole pole ukiwa umesimama mbele ya samaki wako. Kilango kile ndicho kipande bora cha boksi lote. Kinafunga kabisa, kinafungua kwa vidole viwili, na kinakuwezesha kusimamisha maji palepale bila kukimbilia nje. Na kwa kujaza, simtanki linatosha! Maji yana mteremko wa zaidi ya mita mbili kutoka kwenye simtanki hadi juu ya tangi la samaki, na yanaingia kwa kasi ya kama lita 10 kwa dakika. Binti wangu wa jikoni sasa anaweza kujaza tangi akiwa amekaa kwenye kiti.

Sasa jambo ambalo boksi halikuandika popote, na mimi nalipa uzito kuliko yote. Ukiacha ncha ya mpira imezama kwenye tangi na koki ikiwa wazi, halafu maji ya mtaani yakakatika, bomba linaweza kuvuta. Maji ya tangi la samaki yanarudi nyuma kwenye mpira, yanapita kwenye koki, yanaingia kwenye mabomba ya nyumba, yale yale yanayopeleka maji jikoni. Fundi wetu wa bomba aliponiambia nilitaka nione kwa macho. Tukabandika kipande cha tepu kwenye kioo kuonyesha kimo cha maji, tukazamisha ncha ya mpira, tukafungua koki ya nje, kisha fundi akafunga geti valvu ya kuingilia maji nyumbani na kufungua koki ya chini kabisa uani. Maji kwenye kioo yalianza kushuka chini ya tepu. Yalikuwa yanatoka kwenye koki ya uani.

"Umeona, mama," fundi alisema. "Hapo maji yakirudi mtaani, anayefungua koki ya jikoni wa kwanza anakunywa maji ya samaki."

Tuliyaacha mabomba yote yatiririke kwa muda mrefu baada ya jaribio lile, na siku hiyohiyo nikamwambia afunge valvu isiyorudisha maji, ile mafundi wanayoiita nonritani, kati ya ukuta na koki ya nje. Ina mshale ubavuni. Mshale uelekee kule maji yanakokwenda. Tukarudia jaribio, maji hayakushuka hata kidogo. Juu ya hapo nina sheria ambayo kila anayegusa tangi letu anaifuata: wakati wa kujaza, ncha ya mpira inakaa juu ya maji, haizami. Kwa hiyo hata nonritani ikichoka siku moja, mpira utavuta hewa, hautavuta maji ya samaki. Hapa kwetu, ambako maji hukatika na kurudi saa yoyote, nonritani si anasa. Asiyetaka kuifunga, asinunue seti hii.

Kumwaga maji kutoka juu kuna faida nyingine. Maji baridi ya bomba yenye presha yanakuja na gesi nyingi ndani yake. Ndiyo vile vipovu vidogo unavyoona vimeganda kwenye kioo na kwenye mapezi baada ya kujaza. Vikizidi vinawadhuru samaki. Yakianguka kama mvua juu ya uso wa maji, gesi hiyo inapungua kabla haijawafikia. Mimi nimefunga kichwa cha bomba la mvua cha kuogea mwishoni mwa mpira, cha plastiki, cha bei ndogo. Kinatosha.

Klorini nayo. Maji ya jiji yanatibiwa kwa klorini, na ni vizuri yatibiwe, lakini klorini inayomlinda binadamu inaunguza mashavu ya samaki na kuua bakteria wazuri wa kwenye filta. Uliyezoea ndoo ulikuwa unaziacha wazi usiku mzima, klorini inapaa. Kwa mpira maji yanaingia mabichi, kwa hiyo dawa ya kuondoa klorini lazima itangulie ndani ya tangi kabla hujafungua koki, na ipimwe kwa ujazo wa tangi zima, siyo kwa zile lita 90. Natumia Seachem Prime, ambayo kipimo chake ni mililita 5 kwa lita 200. Kwangu ni mililita 7.5. Sindano ya hospitali isiyo na ncha ndiyo kipimo changu. Ukiyatoa maji kwenye simtanki ambalo yamekaa siku kadhaa klorini inakuwa imepungua, lakini mimi naweka dawa kamili vilevile, kwa sababu simtanki hujazwa wakati wowote bila kukuaga.

Siku maji yanaporudi baada ya kukatika, usifunge mpira mara moja. Yanakuja na hewa, na wakati wa mvua yanakuja na rangi ya udongo. Fungua koki peke yake, yaache yapige mlio wake na kukohoa hadi yatulie na kuwa meupe, jaza madumu ya kudekia sakafu kwa yale ya kwanza, ndipo uunganishe.

Baridi ni jambo letu sisi watu wa nyanda za juu, na maelekezo ya kigeni hayatujui. Mwezi wa Juni na Julai, kipimajoto changu kwenye ndoo ya maji ya bomba alfajiri kimesoma digrii 14. Mbuna wanataka 24 hadi 27. Ukiingiza lita 90 za digrii 14 kwenye lita 210 za digrii 25, tangi linashuka hadi chini ya digrii 22 kwa mpigo. Ukiingiza lita 45 tu, linabaki juu ya 23. Kwa hiyo kipupwe chote nagawanya: lita 45 mara mbili kwa wiki, saa za mchana jua likiwa limepiga simtanki, na kilango nakifungua kidogo tu ili maji yaingie taratibu. Hita yangu ya wati 300 inahitaji zaidi ya saa moja kupandisha tangi hili digrii moja, kwa hiyo usitegemee ikukimbize. Hapa tu ndipo miksa ya jikoni ina hoja, kwa mwenye maji ya moto bombani: anaweza kuchanganya moto na baridi hadi digrii anayotaka kabla maji hayajaingia kwenye mpira. Kwa mtu huyo, kujaza kutoka kwenye miksa ni sawa, mradi nonritani ipo na maji machafu hayapitii sinkini.

Kwa wafugaji wa mbuna pekee: vipande vyangu vya kupimia vinaonyesha maji ya bomba letu yana chokaa kidogo, na mbuna wanataka pH ya kati ya 7.7 na 8.6. Nimeweka mawe ya chokaa ya Songwe ndani ya tangi, na yanasaidia kushikilia.

Vitu vidogo vya seti. Ndoano ya ukingoni ni dhaifu. Mpira ukijaa maji unajipinda na kuinyanyua, kwa hiyo nimeongeza klipu mbili za mbao za kuanikia nguo kubwa. Washa za mpira zinakauka zikikaa bila kutumika, na washa iliyokauka ndiyo inayoanza kuvuja. Zipo Mwanjelwa za saizi hiyo, chukua nyingi. Mpira wenyewe unaonyesha ndani, jambo zuri kwa sababu unaona uchafu na unaona samaki mdogo akivutwa, lakini ukiachwa juani unaota ukijani ndani. Wangu nauning'iniza stoo baada ya kuumwaga maji yote. Ulipokuwa mpya ulikuwa na harufu ya plastiki. Niliusukuma maji ya koki kwa muda mrefu bustanini kabla ya kuupeleka kwa samaki.

Gharama nilizolipa wakati ule: seti shilingi 95,000 pamoja na nauli ya mzigo kwenye basi kutoka Dar es Salaam. Adapta ya brasi 7,000, nonritani 12,000, klemu elfu moja moja, tredi tepu elfu moja, na ujira wa fundi mliopatana. Mtu anaweza kuniuliza kwa nini asinunue tu mpira wa kawaida mita 15, kilango na adapta hapahapa Mwanjelwa na kuacha seti. Anaweza, na atatumia chini ya nusu ya pesa hiyo. Kitakachomsumbua ni bomba pana la changarawe, ambalo sijaliona kwenye maduka ya hapa. Akilipata peke yake, basi kwangu mimi seti nzima haina tena cha kumshawishi, kwa sababu kile kichwa cha kunyonyea ndicho kilichopandisha bei na ndicho nisichokitumia. Ajihadhari tu na mpira wa bustani wa kijani wenye harufu kali. Achague wa rangi ya maji unaouzwa kwa ajili ya maji ya kunywa.

Zinauzwa za mita 7.5, 15 na zaidi. Kabla ya kuagiza chukua kamba, ianzie koki ya nje, ipitishe mlangoni na kwenye kona zote za ukuta kama mpira utakavyopita, ipande hadi juu ya tangi na ishuke ndani hadi kwenye changarawe. Kwangu kwa macho ilionekana kama mita nane. Kamba ilisema mita 11 na ushee.